Uzi Mwekundu Tumboni mwa Bihogo

Igurwa, Jumapili alasiri

Mwanangu Kemilembe,

Asubuhi uliniambia shikamoo ukiwa umeshika mlango, macho yamekujaa machozi, na mimi sikuitikia. Marahaba, mwanangu. Marahaba, ingawa sasa hivi uko Songambele kwa shangazi yako unaaga na huwezi kunisikia. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote ninayotaka kukuandikia leo.

Kesho alfajiri unakwenda Kayanga kupanda basi, kisha Bukoba, kisha meli, mpaka Mwanza kwenye chuo chako cha uuguzi. Maagizo ya safari umeshapewa na kila mtu. Padri amekupa, mwalimu amekupa, hata jirani ambaye hajawahi kuvuka Kayanga amekueleza namna ya kukaa melini. Sitaki kuongeza langu. Kufua, kupika, kuamka mapema, hayo ulianza kuyafanya kabla hata hujajua kusoma. Mimi leo nina hasira, na naandika na hasira yangu, kwa hiyo mwandiko uvumilie.

Nilifungua sanduku lako bila kukuomba. Hilo ni kosa, nalikubali. Nikakuta chupa tano za plastiki zimepangwa juu ya nguo: losheni mbili, shampuu, ile dawa ya kupaka kwapani, na mafuta ya mgando kwenye kopo la plastiki ambalo nalo limevishwa nailoni. Zawadi za wenzako wa kwaya, najua. Nikazirusha kitandani moja moja, nikasema, "Uchafu huu hautoki kwangu kwenda kuchafua kwa watu!" Nawe ukanijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kinywani mwako: "Mama, si wewe uliyekuwa ukiuza? Igurwa nzima imevijua vitu hivi kwa mkono wako."

Ulisema kweli, na tungeweza kuishia hapo, wewe ununue ugomvi na mimi ninune mpaka jioni. Lakini ukaongeza, "Au ni kwa sababu ni mimi? Mimi niliyeua ng'ombe, kila ninachoshika ni kibaya."

Mawe, mama yangu! Kemilembe, nilikaa kitandani. Miaka saba! Kumbe miaka saba yote unatembea na kitu hicho kifuani. Mimi nilikuwa nikijiambia, alikuwa darasa la tano tu, mtoto husahau. Tangu siku ile hujanywa maziwa ndani ya nyumba hii, nami nilikuwa nawaambia wageni kwamba maziwa yanakuumiza tumbo. Nilijua kabisa kwamba si tumbo.

Basi nisikilize. Hukumuua Bihogo. Nilimuua mimi, na nilijua siku ile ile kwamba ni mimi.

Acha nikueleze tangu mwanzo, maana najua utauliza, na una haki ya kuuliza.

Baada ya vita, wewe ukiwa mdogo bado mgongoni, hapa kwetu hapakuwa na sabuni wala mafuta ya kupaka. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na mtu mmoja wa kukuambia hakuna. Ngozi za watu zilikuwa kavu mpaka zinatoa unga. Bibi yako, mama yangu, ndiye aliyenifundisha kutengeneza mafuta: siagi ya ng'ombe wetu, mafuta ya nyonyo, na majani ya harufu yanayochemshwa pole pole mpaka jikoni kote kunukie. Nikawa napeleka kwenye gulio. Nilikuwa na chungu kimoja na upawa mmoja, basi. Kila mwanamke alikuja na chake. Huyu kibuyu, yule kopo la maziwa, mwingine kikombe kilichovunjika mkono. Kuna mama mmoja alikuja na jani la mgomba alilolibabua motoni, nikamtilia humo, akafunga vizuri akaenda zake. Nilipokuwa nakunja kitenge changu jioni, pale nilipokaa palikuwa peupe. Hapakuwa na hata kipande cha kuokota.

Sikujua kwamba lile lilikuwa jambo la maana. Niliona ni umaskini.

Halafu maduka ya Kayanga yakafunguka. Ikaja losheni kwenye chupa za plastiki, zina picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu anacheka. Wewe unaikumbuka ile picha, ulikuwa unaibandua na kuibandika kwenye daftari. Nikaacha chungu. Nilikuwa wa kwanza Igurwa kuleta chupa zile, na kiburi nilichokuwa nacho, Mungu anajua. Mwanamke akija na kibuyu chake nilikuwa namwambia mbele za watu, "Hicho kampelekee mumeo atilie pombe yake ya rubisi, sisi hapa tuko kisasa." Watu wanacheka, naye anakiingiza kibuyu ndani ya kanga. Niliwaaibisha wanawake watu wazima kwa sababu walikuja na chombo cha kutoka nyumbani kwao. Nikikumbuka sura zao natamani kujizaba kofi.

Sasa, wengi hawakuweza kununua chupa nzima. Hapo ndipo nilipotumia akili yangu, hiyo akili ambayo baba yako alikuwa akiisifu kwa ndugu zake. Nikanunua mafuta ya mgando kwenye ndoo, nikawa napima kidogo kidogo kwenye vifuko vya nailoni, kila kifuko cha kupaka siku mbili tatu. Juu nafunga kifundo kwa uzi mwekundu, ili mtu wa gulio la pili asije akafunga vyake akasema ni vyangu. Wewe ulikuwa unanikatia nyuzi. Ulikuwa unakaa kwenye mkeka pembeni yangu, unakata, unanipa, unakata, unanipa, na ulimi umeutoa nje kwa bidii.

Watu walivipenda vifuko vile. Wakitumia wanatupa. Na sisi wenyewe, hapa ndani, tulikuwa tunapaka na kutupa kuliko wote, maana mali ilikuwa yetu.

Wanatupa wapi? Wewe ni mtoto wa kibanja, umekulia katikati ya migomba, unajua. Kwetu hakuna shimo la taka. Kila kinachotoka ndani ya nyumba kinakwenda shinani kwa migomba: maganda ya ndizi, majivu, majani ya kulalia, uchafu wa kufagia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha naye alifundishwa hivyo hivyo, na migomba ikanenepa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna takataka isiyokuwa mbolea. Mimi nikakufundisha wewe: "Fagia, zoa, katupe migombani." Ulifanya kila asubuhi kabla ya shule. Chupa, vifuniko, vifuko, vyote vilikwenda na maganda kwenye lundo moja. Na juu ya lundo hilo hilo baba yako alikuwa anamfunga Bihogo ale maganda.

Nailoni yenye mafuta yenye harufu, imechanganyika na maganda ya ndizi. Ng'ombe atajuaje? Niliwahi kumwona anatafuna kifuko, nikacheka. Nikamwambia baba yako, "Ng'ombe wako naye anataka urembo."

Nilicheka, Kemilembe.

Bihogo alipoanza kuugua ulikuwa unajua wewe kuliko mimi, maana ulikuwa unampenda. Aliacha kula, akaacha kucheua, tumbo likavimba upande wa kushoto likawa gumu. Bwana mifugo alikuwa safarini. Majirani wakaja kama kawaida yetu, kila mmoja na dawa yake. Mmoja akauliza jana alikula nini. Nawe, kwa sababu hujui kusema uongo, ukasema ulimkatia malando, yale majani ya viazi, asubuhi. "Yalikuwa na umande?" Ukasema ndiyo. Kwetu kila mtu anajua majani yenye umande humvimbisha ng'ombe, basi ikawa imekwisha. Kesi ilisikilizwa pale pale uani, ikahukumiwa pale pale, na baba yako akakata fimbo kwenye mti wa kahawa.

Alikupiga mbele za watu. Namlaumu kwa hilo mpaka leo, nawe nakuruhusu umlaumu. Angeweza kuuliza. Malando yenye umande alikuwa ameshakula mara ngapi, na mwenyewe baba yako ndiye aliyeyakata? Lakini Bihogo alikuwa ng'ombe aliyepewa na baba yake mzazi, na mtu mwenye uchungu hutafuta mgongo wa karibu.

Siku ya tatu walimwahi kwa kisu kabla hajakata roho. Wanaume wakagawana kazi ya nyama, na sisi wanawake, kama ilivyo desturi, tukapewa matumbo tukayaoshe. Wenzangu walichukua utumbo wakaenda mtoni. Mimi nikachukua tumbo kubwa nikalikokota nyuma ya jiko, migombani, nikalipasua peke yangu.

Majani yalitoka machache. Kisha mkono wangu ukashika kitu kizito, nikavuta hakitoki, nikavuta kwa mikono miwili. Lilikuwa furushi la nailoni limesokotana, kubwa kuliko kichwa cha mtoto mchanga. Vifuko juu ya vifuko. Ndani yake kifuniko cha chupa, na kipande cha ile picha, yule mwanamke bado anacheka. Na nyuzi, mwanangu. Nyuzi nyekundu, na vifundo vyangu, hata kimoja hakijafunguka. Mtu mwingine angesema hii ni taka ya nani, lakini mimi nilivijua vifundo vyangu.

Ulikuwa unalia nyuma ya ghala, nilikuwa nakusikia. Hatua ishirini hazifiki. Ningeinuka na furushi lile mkononi, nikatembea mpaka uani, nikalitupa miguuni pa baba yako, mambo yangekwisha. Angenipiga labda. Watu wangenicheka gulioni, wale wale niliowacheka. Hayo tu ndiyo niliyoogopa.

Nikachukua jembe nikalifukia chini ya mgomba.

Jioni ulikuja ukakaa karibu yangu jikoni, miguu ina mistari ya fimbo. Ukaniuliza, "Mama, ni malando kweli?" Nakumbuka mpaka pale nilipokuwa nimeweka mkono. Nikakujibu, "Ndivyo walivyosema wakubwa." Kisha nikachukua mafuta ya mgando, nikafungua kifundo cha uzi mwekundu kwa meno yangu, nikakupaka kwenye ile mistari. Sijilaumu kwa fimbo ya baba yako, hiyo ni yake. Lakini lile jibu ni langu.

Na usifikiri niliacha. Ala! Mwaka mzima niliendelea kufunga vifuko, ila uzi nikabadilisha, nikatumia mweupe. Ona ujinga wa mtu mwenye hatia.

Kilichonikomesha ni jembe. Ile migomba ya nyuma ya jiko ikaanza kudhoofu, baba yako akasema ing'olewe tupande mipya. Nikawa nachimba. Jembe likanasa, nikavuta, likatoka lile furushi. Mifupa ya kuku tuliyoizika baada yake ilikuwa imeshaisha, majani yameisha, hata gome la mgomba uliokuwa juu yake limekuwa udongo mweusi. Lile lilikuwa vile vile. Nilimwagia maji, uzi wangu ukatoka mwekundu kabisa. Nikachimba pembeni, nikakuta chupa. Nikachimba shina la pili, nikakuta chupa. Kibanja kizima, Kemilembe! Udongo ambao bibi yako wa kuumeni aliulisha maganda maisha yake yote, mimi niliulisha chupa.

Ndiyo ile siku ulinikuta na gunia, ukaniuliza, "Mama, unatafuta nini?" nikakufokea urudi ukasome. Nilikuwa natafuta uongo wangu. Nimejaza magunia matatu mpaka leo, na mvua ikinyesha vinachomoza vingine. Nilijaribu kuchoma gunia moja, nikazima, maana moshi ulimkohoza mdogo wako siku mbili. Nikimpelekea mwenye duka kule Kayanga aliyeniuzia, ananiambia yeye anauza losheni, hanunui takataka. Nikamuuliza, na chupa nani alikuomba? Akacheka. Hebu niambie wewe uliyesoma: mafuta yanaisha kwa mwezi, na chombo chake kitakuwa hapa wajukuu zangu wakiwa wazee. Nani mwenye akili timamu alikaa mezani akapanga hivyo? Najua alikuwa na chombo cha kwao, kama mimi nilivyokuwa na changu, akakiona ni umaskini.

Ndiyo maana nimerudi kwenye chungu. Wewe na baba yako mlidhani biashara ya losheni imenishinda, nami nikawaacha mdhani hivyo. Sasa mtu akija gulioni bila chombo namwambia arudi nyumbani akalete. Wengine wananitukana, wanakwenda kununua chupa. Waende. Wapo wale wa vibuyu, wachache, wamerudi. Mmoja aliniinulia kibuyu chake usoni akasema, "Hiki hapa, nilikileta tena, au nikampelekee mume wangu?" Nikamwambia, "Nisamehe, mama," nikamjazia mpaka kikamwagika. Hakusema amenisamehe. Aliondoka tu, wiki iliyofuata akaja tena.

Chupa zako tano nimezirudisha sandukuni. Ni zako, walikupa kwa upendo, na wewe si mtoto. Pembeni yake nimeweka kopo la bati, lile la maziwa ya unga lenye kifuniko kinachobana, nimelijaza mafuta ya chungu. Likiisha lioshe. Kule bwenini mtakuwa wengi, mnaweza kununua mche mzima wa sabuni mkaukata kwa waya, na mafuta mkanunua kopo moja kubwa kila mtu akachota akatia kwenye lake. Ukiona aibu kuwa wewe peke yako na kopo la bati, basi ona aibu, haiui. Aibu niliyoikimbia mimi ndiyo iliyokuja kukuchapa wewe.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii chini ya nguo zako uisome melini, mbali nami. Nimeandika mpaka hapo juu nikaona huo ni ule ule woga, ila umevaa nguo nyingine. Kwa hiyo nimeweka kalamu chini, nikachukua gunia moja, nikaenda uani kwa baba yako.

Sasa nimerudi, jua linazama, nakumalizia.

Nilimwaga gunia mbele yake. Furushi lilikuwa humo, nililihifadhi. Nikamwambia hili lilitoka tumboni mwa Bihogo, na huu ni uzi wangu. Alilishika, akaligeuza, akavuta uzi mmoja kwa kucha. Kisha akauliza, "Na malando?"

Nikamwambia, "Malando hayakuwa na kosa. Na mtoto hakuwa na kosa."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Kwa sababu kesho anaondoka na mzigo wako na wangu."

Nilingoja anipige, nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa hata kumjibu, maana na mimi nina yangu ya kumwambia kuhusu ile fimbo. Lakini aliinuka tu, akanawa mikono, akaenda zizini kwa Gaju. Unajua Gaju ni ndama aliyeachwa na Bihogo, sasa ng'ombe mzima, yule uliyekatazwa kumsogelea. Alimkamua mwenyewe. Akaingia ndani, akatafuta kabatini mpaka akakiona kile kikombe chako cha bati chenye ua la bluu, akakisuuza mara mbili, akamimina maziwa, akakifunika kwa sahani.

Akasimama pale. Akasema, "Mwambie nimeyachuja."

Kikombe kiko mezani, na barua hii naiweka chini yake. Usipokunywa, hakuna atakayekulazimisha katika nyumba hii tena. Baba yako amekaa mlangoni, macho kwenye njia ya Songambele, anatengeneza mpini wa jembe. Mpini huo haujavunjika, Kemilembe. Nimeutumia jana.

Mimi mama yako, niliyefunga vifundo.